Namba A

Siku hizi gari haliulizwi mwaka, linaulizwa herufi.
Mtoto wa jirani, darasa la pili hajamaliza,
alipita akagonga boneti, akacheka: "Bibi, namba A!"
Namba A, ndiyo. Kama mimi.

Karina hii tuliinunua msimu ule korosho ilipolipa,
malipo ya pili yalipokuja kweli, si ya mdomoni.
Lami wakati huo iliishia Mnivata;
kutoka pale hadi Newala ni vumbi lenye akili,
linajua pua yako ilipo.
Imebeba madumu ya maji kutoka bondeni Kitangari
mpaka springi za nyuma zikasalimu amri.
Imebeba maharusi wawili, magunia ya choroko,
mbuzi mmoja aliyetafuna mkanda wa kiti,
na Somoe, kitinda mimba wangu,
ambaye hakusubiri geti la hospitali.

Mlango wa dereva una siri yake:
uinue kidogo, kama unampokea mtu mzigo,
ndipo uvute.
Wageni huubamiza mara tatu.
Sisi mara moja.

Mwaka huu fundi Chikumbo alitoka uvunguni mwa gari
akajifuta mikono muda mrefu kuliko oili iliyokuwepo.
"Mama," akasema, "chasisi imekuwa biskuti."
Nikampa chai. Sikuwa na la kumjibu.

Nanjundi wangu ana presha ya macho.
Kushoto anaona moshi, kulia hata moshi hauoni.
Lakini kutafuta gari alisema twende wote:
"Ninyi mtanisomea rangi. Mengine nitayasikia."

Mtwara, Shangani: afisa wa benki na IST nyekundu.
Somoe alikwisha kuipenda kwenye simu.
Nanjundi akalaza kiganja juu ya boneti, injini ikiunguruma.
"Hii inaongea haraka," akasema. "Ina la kuficha."
Afisa akanuna, kisha akakiri:
gia boksi ilifunguliwa juzi.
Somoe hakusema neno hadi stendi.

Chikongola: Noa ya kijivu, viti vinane.
Nikavihesabu viti, nikahesabu na watoto wetu:
mmoja Dar, mmoja Tunduru,
mmoja hapigi simu, na huyu wa chuo.
Viti vinane vya nini? Kubebea upepo?
Nilishuka kabla sijatajiwa bei.

Masasi, nyuma ya ghala la ushirika:
Proboksi nyeupe, namba D, sura kama sanduku la chanjo.
Hakuna wa kuitamani.
Mwenyewe, Bwana Mpelembe, alitutajia maradhi yake yote
hata kiti hatujakalia:
taa ya nyuma, redio bubu, asubuhi inaamka kwa kubembelezwa.
Akaiwasha. Nanjundi akainamisha kichwa,
akasikiliza kama mtu anayesubiri jina lake liitwe.
"Hii," akasema, "inakohoa kwa adabu."

Tukapatana. Somoe akapiga picha moja tu,
ya usukani, gari lenyewe lisionekane.

Karina tulimwachia Chikumbo kwa bei ya kuoneana haya.
Aliahidi hataikata vipuri.
Najua ataikata. Naye anajua ninajua.
Nilibaki na kipande cha mkanda chenye meno ya mbuzi,
nikakitia kwenye droo ya Proboksi, juu ya bima.

Asubuhi ya kwanza niliketi, nikashika mlango,
nikauinua kidogo, nikavuta.
Ukafunga kwa sauti ngeni, nyembamba, ya bati lisilojua mtu.
Chikumbo alikuwa amesimama pembeni, akacheka:
"Mama, huo mlango mzima."
Nikamwambia najua. Mkono ndio haujui.

Nanjundi hakucheka.
Alikuwa ameketi kushoto kwangu, uso mbele,
kama bado anaiona barabara.
"Umeinua," akasema.
"Nimeinua."
"Nimesikia," akasema. "Haya, twende."